Macho ya Chola

Kapinga mwanangu,

Shangazi yako amekwisha kumaliza maagizo yote: maji ya kuchemsha, dawa ya malaria, upande wa kukaa ndani ya behewa, watu wa kutoongea nao njiani. Sina la kuongeza hapo. Hata ningekuwa nalo nisingethubutu kumkosoa, maana kesho wewe unaondoka na mimi ndiye ninayebaki kula chakula chake.

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni karibu na dirisha, kwa sababu umeme umekatika tangu asubuhi na hapa ndipo penye mwanga. Ungekuwepo ningeanza utani. Unanijua. Tangu mama yako alipokupa jina la mama yake, mimi nakuita mama mkwe, nakuinamia nikikupa sahani, nasema siwezi kukaa mbele yako bila shati. Ulipokuwa mdogo ulicheka. Baadaye uliacha kucheka, na mimi sikuacha. Kufanya mzaha na mtu kunanijia kwa urahisi kuliko kumwambia neno, kwa hiyo leo nakuandikia.

Unakwenda na michoro yangu ya penseli. Watu wa makumbusho wamekuajiri uifuate kwa treni, Likasi, Kamina, Mwene-Ditu, halafu kwa lori mpaka Mbuji-Mayi kule Kasai, usimame kando yake na kuwaambia watu kila sura ni ya nani. Wanataka itembee haraka, kabla vita vinavyoshuka kutoka mashariki havijafunga njia. Sina ugomvi na hilo. Nina ugomvi na maelezo wanayoyatoa.

Ulikuwepo siku ya ufunguzi hapa mjini. Ulimsikia yule bwana mwenye miwani akieleza kwamba baba yako ni msanii aliyeikataa rangi ili kutafuta ukweli wa mstari. Nilikuona umeng'ata mdomo usicheke. Halafu akaja yule mama aliyetoka hoteli ya Karavia, mwenye manukato, aliyenunua picha ya mamba muntu kwangu zamani, akanishika mkono mbele ya watu.

"Papa, weye tulikujua na rangi. Juu ya nini uliacha rangi?"

"Mama," nikamwambia, "rangi njo iliniacha miye."

Walicheka wote wakidhani ni werevu wa msanii. Huko unakokwenda wakikuuliza, waambie vile ilivyokuwa. Mimi ni mchoraji wa sebule. Muda wote ule ulipokuwa mdogo ukilala kwenye gunia kule karakana, nilikuwa nachora kile ambacho watu walitaka kukitundika juu ya kiti cha baba: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au treni, au mto na mamba wake. Nilinyoosha kitambaa cha gunia la unga kwenye fremu, nikakipaka chokaa iliyochanganywa na gundi ya muhogo, nikachora kwa penseli, kisha nikapaka rangi juu yake. Rangi ikishapita, penseli hakuna anayeiona tena. Kazi yangu iliyo bora yote imelala chini ya rangi kwenye nyumba za watu, na sikuwahi kusikitika, kwa sababu hakuna aliyenunua penseli.

Kisha askari wakapora mji, na walipochoka wao, tukapora sisi. Duka la rangi lilibaki na rafu tupu. Malori ya kutoka mpakani Kasumbalesa yalipoanza kuja tena yalileta unga na mafuta. Nani alete makopo ya rangi ya bluu kwa watu wenye njaa? Chokaa ilikuwepo. Muhogo ulikuwepo. Penseli zilikuwepo. Nikaendelea kuchora kwa sababu mkono hauna kazi nyingine, nikiviweka vile vitambaa kando kungojea rangi ije. Haikuja. Hiyo ndiyo michoro yangu isiyo na rangi. Ni tablo, picha za rangi, ambazo hazijakwisha, mwanangu, na wamezitia kioo.

Lakini sikukaa hapa kulalamika juu ya bwana mwenye miwani. Nakaribia jambo na kulikimbia, unaona.

Ulikuwa mdogo, sijui umebaki na nini kichwani kuhusu siku zile watu wa Kasai walipofukuzwa. Mimi nakumbuka jinsi ilivyoanza kwa maneno. Majirani tuliokuwa tunaazimana chumvi na ndoo walianza kusema kwamba hawa ni wageni, warudi kwao, ingawa wengi walizaliwa hapa na babu zao ndio waliotandika reli. Wakawaita bilulu, wadudu. Nililisikia neno hilo kwenye baa nikiwa na bia mkononi, likisemwa na mtu niliyesoma naye, na mimi, mume wa mwanamke wa Kasai, nikamaliza bia yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako itapita.

Nilimwambia hivyo mara nyingi. Kaka wa jirani alipopigwa, nikasema itapita. Mama yako alikuwa anafunga nguo kwenye shuka, mimi nimesimama mlangoni nikimweleza siasa.

"Bale bantu beko kwa mulango ya papa yangu na petroli," akasema. "Weye unaniambia itapita. Itapita na nani?"

Usiku huo nyumba ya babu yako iliungua. Yeye alitoka salama, na redio yake. Aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote akaenda kukaa stesheni chini ya plastiki, kungoja treni ya kumpeleka Kasai ambako hakuwahi kuishi. Mama yako alikuwa binti yake wa pekee. Akasema anakwenda naye, na kwamba twende wote.

Nikakataa. Nilikuwa na sababu nzuri na nilizitaja zote: karakana, nyumba, shule yako. Nilisema mimi ni mwenyeji, mtoto wa barabara ya Kasenga, kwetu ni pale pale karibu na Kasomeno, hakuna atakayenigusa, nitailinda nyumba mpaka warudi. Yote yalikuwa kweli. Sababu yenyewe sikuitaja. Niliogopa kwenda mahali ambapo ningekuwa mimi ndiye mgeni. Nilikuwa nimekwisha kuona wageni wanavyofanywa.

Tena kuna hili, na nataka ulisome polepole. Mama yako hakukuacha. Najua umekua ukidhani alichagua kumbeba mdogo wako Chola na kukuacha wewe, na mimi sikukusahihisha kwa sababu iliniepusha na macho yako. Alitaka kwenda na nyinyi wawili. Asubuhi alipotoka, Chola mgongoni, alikuita, na mimi nilikushika mkono. Nilisema huyu anasoma, huyu anabaki. Wewe uliuliza, "Na miye, papa?" Nilikushika ili awe na sababu ya kurudi. Nilikufanya rehani, mwanangu, nami nikaiita hiyo elimu.

Walikaa stesheni muda mrefu kuliko yeyote alivyodhani. Treni hazikuja, na zilipokuja watu walikuwa wengi kuliko mabehewa. Nilikwenda kila siku na chungu cha bukari, ugali wetu, na mboga, na siku moja nikabeba ubao na vipande vyangu vya kitambaa. Wapiga picha walikuwa wameporwa kamera. Watu wakaniomba: nichore, papa, uache sura yangu kwa dada yangu aliyebaki, kwa mume wangu, kwa padri. Wengine walikaa wakiwa wamechana nywele na kuvaa tai, pale kwenye vumbi, kati ya masufuria. Wengi michoro yao haikuja kuchukuliwa. Ndio hao utakaowaonyesha watu. Ukifika Mbuji-Mayi, kaa karibu na mlango, maana wako watakaoingia wakijitafuta wenyewe.

Sasa Chola.

Unajua ninavyofanya mtu akifa bila kuwa na picha. Umenibebea ubao mara ngapi. Wananiita kwenye matanga, nakaa kando ya kitanda, nachora sura kama ilivyolala. Kisha nafungua macho. Nawauliza wa nyumbani: yalikuwa makubwa? Yalitazama chini? Alipokasirika yalikuwaje? Wanabishana, mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile, mimi nafuta na kurudia, mpaka mwanamke mmoja anaanza kulia upya, na hapo najua nimefika. Sura yenye macho yaliyofungwa hakuna anayeipokea mkononi mwangu. Hiyo ni ya maiti. Kazi yangu mle ndani, wanayonilipia, ni kufungua macho tu.

Mchana mmoja wa jua kali pale stesheni, Chola alikuwa amelala juu ya mzigo wa nguo, mkono chini ya shavu, mdomo wazi. Nilianza kumchora. Mkono ulikuwa mwepesi siku hiyo. Mama yako alirudi na ndoo ya maji akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Namuchora mutoto."

"Ngojea alamuke. Juu ya nini unamuchora macho ya kufunga, sawa mufu?"

"Akilamuka hatatulia."

"Basi usimuchore."

Nilimaliza. Nilimwambia nitamfungulia macho nyumbani, dakika mbili, ni kazi yangu. Alimwamsha mtoto akamnawisha uso.

Treni ilikuja siku chache baadaye. Wewe ulikuwepo, ulishika shati langu, kwa hiyo siandiki. Surua iliwashika watoto ndani ya mabehewa. Chola alifia mahali fulani baada ya Kamina, wakamzika kando ya reli kwenye kituo kidogo ambacho kila aliyeniletea habari alikitaja kwa jina tofauti. Nilikuambia mimi mwenyewe, hapa hapa jikoni. Ulikwenda kuosha vyombo, ukaviosha vyote, na visivyokuwa vichafu.

Lile usilolijua ni kwamba mama yako aliniletea neno. Alikuja fundi mmoja wa treni, akasimama kwenye mlango wa karakana, kofia mkononi.

"Mama Ngalula anasema hivi: fungula mutoto macho, kisha umutumie. Anasema weye unajua."

"Mwambie minafanya," nikasema.

Jioni hiyo nilikiweka kile kitambaa mbele yangu. Macho bado nilikuwa nayo, Kapinga. Ningeweza. Nilikuwa nimemwona miezi michache tu nyuma, akinitazama nikinyoa ndevu. Nikaushika mchoro, na nikauona ni mzuri. Ule mstari unaotoka kwenye paji la uso, unapita pua, unashuka mpaka mdomo, niliuvuta bila kuinua penseli. Sikuwahi kuchora hivyo kabla wala baada yake. Kope zile zimelala vizuri. Nikiyafungua macho lazima nizifute, na chokaa ikishafutwa inabaki na doa, na uso wote unabadilika. Nikasema nitafanya kesho. Yule fundi aliporudi safari nyingine nikamwambia bado naushughulikia. Akarudi tena, nikamwambia hivyo hivyo. Safari iliyofuata hakupita tena kwangu.

Mke wangu aliomba kitu kimoja tu kwa mtoto wake aliyekufa, kitu ninachowafanyia watu nisiowajua kwa bei ya bia mbili, na mimi nilimnyima kwa sababu niliupenda mstari. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema hili ambayo ingenipendeza zaidi. Sijaipata.

Nilidhani nikiona aibu peke yangu inatosha. Halafu makumbusho wakaja, wakapekua lile rundo, na unajua walichokitoa kwanza. Wamekiweka katikati ya ukuta, kimeandikwa "Mtoto amelala". Siku ya ufunguzi yule mama wa Karavia alisimama mbele yake akasema ni amani iliyoje. Ningemwambia. Nilikuwa nimevaa koti langu la harusi, watu wananiangalia, na nitakuambia ukweli wote: nilifurahi. Niliwaona wamenyamaza mbele ya mstari wangu, nikafurahi, na wewe ulikuwa upande wa pili wa chumba umempa mgongo mdogo wako.

Kwa hiyo kama ukipenda shauri moja kutoka kwangu, nalo ni la mtu aliyeharibu: siku kazi ya mikono yako itakapoanza kukupendeza kuliko mtu aliyekuomba uifanye, iache mezani, nenda kakae na huyo mtu. Najua una mkono. Nimeona unavyochora pembeni mwa madaftari ya kwaya, na sikukusifu hata siku moja, nikiogopa utakuwa kama mimi. Hilo nalo ni kosa. Unachora vizuri.

Jambo jingine. Mtu anayezunguka na maonyesho habebi blanketi lake, sufuria ndogo na cheti chake cha shule. Nimeviona ulipovifunga, nikapita kama sijaona. Hutarudi. Shangazi yako bado anasema "ukirudi, ukirudi", mwache aseme. Mimi sikuombi urudi. Inaniuma, ninaandika na inaniuma, nyumba hii itakuwa na wazee wawili wanaogombania kiti cha dirishani. Lakini niliwahi kukushika mkono mara moja na nimeona faida yake. Nenda ukae na mama yako huko Mbuji-Mayi mpaka umzoee. Usimlinganishe na mwanamke unayemkumbuka. Atakuwa mkali na wewe mwanzoni, atasahau umri wako, atakukatia nyama. Kubali akukatie. Akinisema vibaya, usinitetee, na usimsaidie pia. Msikilize tu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mzee Saidi, yule fundi mbao wa Maniema aliyetengeneza masanduku ya safari. Nilimwomba afungue moja.

"Ile ya mutoto?" akaniuliza. "Bale ba musée batasema nini?"

"Baseme."

Alilifungua, akatoa kitambaa kwenye kioo chake bila kuuliza tena. Nikakileta hapa, na tangu mchana nimekaa nacho mbele yangu na penseli. Nilitaka ukute nimemaliza. Nilitaka umpelekee mama yako mtoto aliyeamka, iwe imekwisha.

Siwezi. Nakumbuka kikohozi chake. Nakumbuka alivyokuwa anavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia na kukataa kusahihishwa. Macho hayapo. Nimejaribu kwenye karatasi nyingine, tena na tena, na yanatoka macho ya watoto wa watu, wale wote niliowafungulia kwenye matanga. Hapa nyumbani sina wa kumuuliza ila wewe, na wewe siwezi kukuuliza, ulikuwa mtoto na wewe.

Kwa hiyo sikiliza, hili ndilo agizo langu la pekee. Chola yumo ndani ya mfuko wako, chini kabisa, nimemkunja ndani ya kitenge cha bluu, na penseli laini iliyochongwa. Asitundikwe popote, si Likasi wala Kamina. Kwenye ukuta wabakize nafasi, au waweke mchoro wa samaki. Bwana mwenye miwani akipiga kelele, mwambie mwenye mali amekataa, aje kwangu. Ukifika Mbuji-Mayi usimpe mama yako mbele ya watu, wala siku ya kwanza. Ngoja mle pamoja mara kadhaa. Kisha mpe, umwambie sikuyafungua, na kwa nini sikuyafungua, kwa maneno haya haya niliyoandika. Usiyapunguze.

Mpe na penseli. Atasema hajui kuchora, hajashika penseli tangu shule. Mwambie haihitajiki. Mimi najua kuchora, na yeye anayajua yale macho. Wewe mshikie kitambaa kisicheze. Mwambie asiogope ule mstari, aupite juu, aufute akitaka, chokaa ikitoa doa itoe. Akiharibu, aharibu. Mtoto ni wake.

Baba yako